Maua mawili yanayofanana katika mchanga wa Anza-Borrego: ni mmea mmoja au miwili?

*"Tunaishi San Diego. Mwezi Machi tuliwapeleka watoto katika hifadhi ya Anza-Borrego kuangalia maua ya jangwani. Kwenye mkondo mkavu wa mto tulikuta maua ya rangi ya maziwa yameota karibu karibu mchangani. Mengine yalikuwa na vidoa vya rangi ya damu ya mzee kwa ndani, mengine hayakuwa na vidoa bali mistari myembamba. Programu ya simu ilitaja Mohavea confertiflora kwa picha moja na Mentzelia involucrata kwa picha nyingine, lakini picha ya tatu, iliyopigwa kwa mbali kidogo, iliipa majina yote mawili. Mume wangu anasema ni ua lile lile, ila likizeeka hutoka vidoa. Mimi nilidhani labda ni machotara, au tofauti imeletwa na kivuli, kwa sababu mengine yalikuwa madogo sana. Jani la mmea mmoja liling'ang'ania soksi ya mwanangu mpaka tukalibandua kwa vidole, na siku mbili baadaye alitokwa na vipele vya kuwasha mkononi. Je, ni mmea mmoja au miwili? Nitaitofautishaje tukirudi mwakani? Na vipele vile vimetokana na maua haya?"*

Ndugu msomaji, mliyoyaona ni mimea miwili tofauti, na kwa jinsi ulivyoeleza, programu yenu ilipatia katika picha mbili za kwanza. Ua lenye vidoa vya damu ya mzee ni Mohavea confertiflora. Lenye mistari ni Mentzelia involucrata, na jani lililoganda kwenye soksi lilikuwa lake. Msijilaumu kwa kutatizika, kwa kuwa kufanana kwa maua haya si kwa bahati: moja linaiga jingine, na anayepumbazwa ni nyuki wa jangwani. Binadamu hunaswa katika mtego ule ule kwa sababu naye, akiwa amesimama wima, hulitazama ua kutoka juu na kuangalia rangi na umbo la jumla, yaani mambo yale yale anayoyaangalia nyuki anapokuja akiruka. Ukilielewa hilo, utajua pia pa kutazama, kwa maana tofauti nyingi za kutegemewa ziko mahali ambapo nyuki hana haja ya kupakagua.

Kabla ya kufika huko, niondoe kwanza dhana tatu zilizomo katika swali lako, na nianze na hiyo ya chotara. Si dhana ya ovyo, maana mimea ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu, inaweza kuzaliana na kuleta watoto wenye sura ya kati. Lakini chotara huhitaji wazazi walio ndugu wa karibu, na hawa si ndugu. Mohavea imo katika familia ya Plantaginaceae, pamoja na Antirrhinum, yale maua ya bustani ambayo ukiyabana ubavuni kwa vidole yanafumbua mdomo. Vitabu vya zamani huiweka katika Scrophulariaceae, kwa hiyo usishtuke ukikutana na jina hilo. Mentzelia ni ya familia ya Loasaceae, ambayo iko karibu zaidi na ukoo wa haidrenja. Koo hizi ziliachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na chavua ya mmea mmoja haiwezi kuurutubisha mwingine. Hata kama yameota yakagusana, hapawezi kupatikana chotara kati yao.

Dhana ya mumeo kuhusu umri nayo ina chanzo chake, kwa sababu yako maua ya jangwani yanayobadilika rangi yanapokaribia kufa. Oenothera deltoides, ambalo pia huota katika mchanga wa hifadhi hiyo, hufunguka jeupe jioni na kuwa la waridi linaponyauka. Vidoa vya Mohavea, hata hivyo, vipo tangu ua linapofunguka. Isitoshe, kuna kitu ambacho umri hauwezi kukibadilisha katika ua, nacho ni idadi ya viungo vyake na jinsi vilivyounganika. Mohavea ina stameni (nyuzi za kiume za ua) mbili tu zinazotoa chavua, ilhali Mentzelia ina stameni nyingi, zimesongamana katikati ya ua. Petali (majani ya rangi ya ua) za Mentzelia ni tano na kila moja imejitegemea hadi kwenye shina lake, ilhali za Mohavea zimeungana chini zikafanya bomba fupi. Ua haliwezi kuzeeka hata stameni makumi zikabaki mbili, wala petali zilizoachana haziwezi kushikana baada ya tumba kufunguka.

Dhana ya tatu, kwamba udogo unaashiria mmea mwingine, ndiyo inayowapotosha watu wengi zaidi jangwani, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Mimea yote miwili ni ya msimu mmoja: huchipua baada ya mvua za vuli na baridi, hutoa maua kati ya mwishoni mwa baridi na majira ya kuchipua, huacha mbegu, kisha hufa kabla ya joto kali. Mbegu zao haziamshwi na mvua yoyote tu. Mtaalamu wa mimea Frits Went, aliyefanya utafiti wake kusini mwa California katika miaka ya 1940, alionyesha kuwa mbegu za mimea mingi ya namna hii hubeba kemikali zinazozuia uotaji, na kwamba kemikali hizo huoshwa na mvua ya kutosha, takribani milimita 25, wala si na manyunyu. Hata hapo si mbegu zote zinazoota kwa pamoja. Nyingine hubaki ardhini zikingoja miaka ijayo. Ndiyo maana miaka kama 2005, 2017 na 2019 jangwa lile lilifunikwa na maua, na katika miaka mingine mtu anaweza kutembea mkondo mzima asione kitu.

Mbegu ikishaota, kimo cha mmea huamuliwa na maji utakayoyapata. Katika mwaka mzuri, Mohavea inaweza kufikia sentimita 40 ikabeba maua mengi kwenye shina moja. Katika mwaka mkavu, au mita chache tu kutoka hapo penye changarawe isiyoshika maji, mmea wa spishi ile ile huishia urefu wa kidole, ukatoa ua moja na mbegu chache, ukafa ukiwa umetimiza kazi yake. Rangi nayo haitabiriki sana, kwani petali za Mentzelia involucrata huanzia karibu na nyeupe hadi manjano hafifu. Kwa hiyo katika mimea ya msimu ya jangwani, kimo, wingi wa maua na ukali wa rangi ni habari za mvua na udongo kuliko habari za spishi. Viandike, lakini usivitumie kuamua jina.

Sasa tuje kwenye uigaji wenyewe. Katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Mexico wanaishi nyuki wa jenasi ya Xeralictus, yenye spishi mbili tu. Majike wao hukusanya chavua ya Mentzelia kwa ajili ya kulisha watoto wao, na madume huzunguka katika maua hayo hayo wakitafuta majike. Mentzelia inawalipa vizuri wageni wake, kwani ina chavua tele. Mohavea haina malipo ya kutoa. Haina nekta ya kumshawishi nyuki, na stameni zake mbili hazimtoshi mkusanyaji wa chavua. Ilicho nacho ni sura: petali za rangi ile ile ya maziwa zenye mng'ao kama hariri, ukubwa unaokaribiana, kikombe kinachotazama juu, na kwenye mdomo wa chini, pale penye kuelekea kooni, doa kubwa la damu ya mzee. Watafiti waliolichunguza ua hili walieleza kwamba doa hilo, pamoja na vidoa vinavyolizunguka, hufanana na nyuki jike aliyetua ndani ya ua. Dume hujitosa akidhani amempata mwenzi, hujipaka chavua, hutoka mikono mitupu, na hukosea tena katika Mohavea inayofuata. Kwa njia hiyo chavua inasafiri bila mmea kugharimia hata tone la nekta.

Udanganyifu wa aina hii una masharti yake, na masharti hayo yanaeleza kwa nini mliikuta mimea hii pamoja. Mwigaji hunufaika zaidi akichanua wakati mmoja na anayeigwa, mahali pamoja, na akiwa mchache kuliko yeye. Nyuki akipata hasara mara nyingi kuliko faida, hujifunza kuliepuka umbo lile. Hivyo ukiiona Mohavea moja, itazame pia mimea iliyo jirani. Kuwa na mashaka hapo ni jambo la busara.

Ukirudi mwakani, piga goti mchangani na uanzie chini. Jani la Mohavea ni jembamba, limechongoka kama ncha ya mkuki, ukingo wake ni mzima usio na meno, na vinyweleo vyake ni laini na vinanata kidogo. Jani la Mentzelia lina ukingo wenye meno makubwa yasiyolingana, na ukilishika ni la kukwaruza. Vinyweleo vyake vina vindoano vidogo ambavyo kwa lenzi ya mkono yenye kukuza mara kumi utaviona wazi. Hivyo ndivyo vilivyoishika soksi ya mwanao. Kwangu mimi hiki ndicho kitambulisho chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu kinafaa hata kabla mmea haujatoa ua na hata baada ya petali kudondoka. Huna haja ya kuchuma kitu: gusisha ncha ya mkono wa shati kwenye jani, uinue polepole, na jani la Mentzelia litafuatana na kitambaa.

Kisha inamisha kichwa ulitazame ua kwa nyuma, upande ambao nyuki hausomi. Nyuma ya ua la Mentzelia involucrata utakuta vijani vilivyolizunguka shina la ua, ambavyo wanabotania huviita brakti, na ni vya ajabu kidogo: katikati ni vyeupe na vyembamba kama karatasi, na pembeni vina ukingo wa kijani uliokatwa katwa kwa meno makali. Mohavea haina brakti za namna hiyo; ina sepali (vijani vinavyolifunika tumba) tano nyembamba zenye vinyweleo, na juu yake bomba la petali zilizoungana. Ukitazama bomba hilo kwa ubavu utaona kwamba ua la Mohavea si duara kamili. Lina midomo miwili, wa juu wenye ncha mbili na wa chini wenye ncha tatu, na kingo za ncha hizo zimechanika chanika. Ua la Mentzelia, ukilizungusha, ni lile lile kila upande.

Ndani ya ua umeshaona wenyewe tofauti ya vidoa na mistari. Mistari ya Mentzelia hukimbia kwa urefu wa petali, ina rangi ya shaba au chungwa hafifu, na haivunjiki kuwa vidoa. Ukiwa na lenzi, tazama pia stameni za nje za Mentzelia: kila uzi hupanuka kuelekea juu na kuishia katika ncha mbili zilizochongoka, na kifuko cha chavua kimekaa katikati ya ncha hizo. Ni kitu kidogo na cha kupendeza mno, na ukishakiona mara moja hutakisahau.

Mkichelewa mkakuta maua yameisha, tunda linatosha. Ovari, yaani sehemu ya ua inayogeuka tunda, katika Mentzelia iko chini ya petali, kwa hiyo tunda lake huwa chini, na mabaki ya sepali yamesimama juu yake. Ovari ya Mohavea iko juu, hivyo tunda lake hukaa ndani ya sepali, nazo zimelizunguka kutoka chini.

Yako mengine yanayoweza kuwachanganya, ila mengi yake si magumu. Oenothera deltoides niliyoitaja ina petali nne, si tano, na stigma yake, yaani ncha inayopokea chavua, imegawanyika mara nne kama msalaba. Rafinesquia neomexicana ni jeupe, lakini kila unachokidhani ni petali ni ua zima dogo, na shina likikatika hutoa utomvu mweupe. Gumu kweli ni Mentzelia hirsutissima, ndugu wa damu wa Mentzelia involucrata, anayepatikana katika hifadhi hiyo na upande wa Baja California, Mexico. Huyu ana majani yanayonasa vile vile, stameni zenye ncha mbili vile vile, na rangi ile ile ya maziwa. Tofauti ya kushikilia ni brakti: zake ni za kijani, hazina ile karatasi nyeupe katikati, wala haziifuniki ovari. Hapa mchezo wa nyuki haumo tena. Hawa wawili wanafanana kwa sababu ni ndugu, na ndugu wanaofanana daima ni wagumu zaidi kuwatenganisha kuliko mwigaji na anayeigwa, kwa kuwa ndugu hufanana mpaka nyuma ya ua na mpaka kwenye jani.

Kuhusu programu ya simu, sikushauri uiache. Inakupa jenasi kwa haraka, na kwa mgeni wa jangwa hilo ni msaada mkubwa. Lakini inaweza kupima kile tu kilichomo ndani ya picha, na ukiipelekea picha iliyopigwa kutoka juu, kwa mbali, unaipa habari zile zile anazozipata nyuki, kisha unashangaa inapokosea kama yeye. Ipelekee picha nne za mmea mmoja: ua kutoka juu, ua kutoka ubavuni ili nyuma yake ionekane, jani moja kwa karibu, na mmea mzima pamoja na mahali ulipoota. Weka sarafu au kidole pembeni kwa ajili ya kipimo. Njia ya pili ni kufuata funguo za utambuzi katika flora (orodha ya mimea yenye maelezo) ya mtandaoni ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Jepson, iliyoko Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya uhakika kuliko programu, ila lugha yake ni ya kitaalamu na itakuchukua muda mpaka uizoee. Kwa Mohavea na Mentzelia mlizoziona, picha nne zinatosha. Kwa Mentzelia mbili zilizo ndugu, nisingeridhika na jibu la programu peke yake.

Vipele vya mwanao navitenganisha na soksi. Vindoano vya Mentzelia vinaweza kumkwaruza mtoto mwenye ngozi laini, lakini mkwaruzo huo huonekana pale pale. Vipele vya kuwasha vinavyojitokeza siku moja au mbili baadaye vinaelekea zaidi kwenye mzio wa ngozi, na katika mikondo ile mshukiwa wangu wa kwanza ni Phacelia, mimea yenye maua ya zambarau au buluu yaliyopangika kwenye kikonyo kilichojikunja kama mkia wa nge. Spishi zake kadhaa, zikiwemo Phacelia crenulata na Phacelia campanularia, zina vinyweleo vyenye mafuta yanayojulikana kuwaletea baadhi ya watu vipele vikali. Ziangalie picha zenu kama ilikuwapo karibu na mahali mtoto alipocheza. Fueni nguo na viatu alivyovaa, kwa kuwa mafuta hayo yanaweza kubaki kwenye kitambaa. Kama vipele vimefika usoni au karibu na macho, kama vinatoa maji, vimevimba, vinaenea, au mtoto ana homa, mpelekeni kwa daktari pamoja na picha za mimea. Kuamua chanzo cha vipele ni kazi ya aliyeuona mkono wenyewe. Na mkifika Death Valley, jangwa jingine la California, siku moja, jaribio la kugusa jani msilifanye kwenye kichaka cha maua ya rangi ya maziwa kilichoota miambani. Huenda kikawa Eucnide urens, wa familia ile ile ya Mentzelia, na vinyweleo vyake vinachoma kama upupu.

Kuchuma mmea ndani ya hifadhi bila kibali hakuruhusiwi, na kwa mmea wa msimu hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana ua lililochumwa kabla ya kukomaa ni mbegu zilizoondolewa katika akiba ya ardhi kwa mwaka ule. Mkihitaji jicho la mtaalamu, kituo cha wageni cha hifadhi kiko Borrego Springs, na wahudumu wake wanajua maua yanayochanua wiki hiyo. Kwa swali gumu zaidi, Makumbusho ya Historia ya Asili ya San Diego, iliyoko Balboa Park, ina hebaria yenye vielelezo vya mimea ya kaunti yenu, na hapo jani na brakti vinaweza kulinganishwa na kielelezo halisi kilichokaushwa. Ikiwa utakuta Mentzelia yenye brakti za kijani tupu, mmea uache ulipo, andika mahali pake kwa usahihi kutoka kwenye simu, piga zile picha nne, na uwapelekee watu wa hebaria, kwa sababu spishi hiyo ni adimu upande wa California na taarifa ya mahali ilipoota ina manufaa kwao.